Isale la Mpakani: Historia Fupi ya Faili la Matamko

Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani huku Machame. Barabara inayopanda kutoka Njia Panda hujaa magari ya watoto na wajukuu wanaokuja kula Krismasi na wazee wao. Mwaka jana mjukuu wangu, anayesomea kompyuta chuoni, alikuja na kipakatalishi chake pamoja na ombi. Alikuwa akiandaa maelezo ya kazi yake kwa wanafunzi wa kidato cha pili, akataka yawe kwa Kiswahili. Akaniuliza: "Babu, wewe umefundisha Kiswahili miaka yote hiyo. Faili la aina hii, ambalo jina lake huishia kwa nukta na herufi h, tuliiteje?" Akanieleza kwamba herufi hiyo imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kinachokaa kichwani mwa ukurasa.

Nikajibu bila kusita: "Faili la kichwa." Akacheka kwa adabu. "Kichwa cha nini, Babu? Mtoto atadhani ndani yake mna akili yote. Kumbe akili haimo humo hata kidogo."

Jibu lile lilinichoma. Nimetumia maisha yangu kuwaambia wanafunzi wasifasiri neno kabla hawajakijua kitu, na mimi nimefanya lile lile nililolikataza. Basi tukakaa chini ya migomba siku tatu, yeye akinifundisha nami nikiuliza. Makala haya ndiyo matunda ya siku hizo. Ni historia ya kompyuta, lakini nimeiandika kwa ajili yetu sisi wapenzi wa lugha, kwa sababu kiini chake ni swali letu la kila siku: lugha mbili zisizofanana hufanyaje kazi pamoja bila moja kuimeza nyingine?

Tuanze na mkalimani na mfasiri. Kiswahili kimebarikiwa kuyatenganisha maneno haya mawili. Mkalimani husimama kati ya wazungumzaji na kugeuza maneno yanapotamkwa. Mfasiri huketi na maandishi, akayageuza yote kabla msomaji hajayagusa. Huku kwetu tumewajua wote wawili. Johannes Rebmann, aliyeuona mlima wetu na theluji yake Mei 1848, alirudi kati ya mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 1849 akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara kutoka pwani. Zama za misafara zilikuwa zama za ukalimani: neno lilivuka kutoka kinywa hadi kinywa, na kesho yake likavuka tena upya. Wamisionari wa Leipzig walipofungua kituo Machame mnamo 1893, zikaanza zama za vitabu, na kazi ya ufasiri ikachukua nafasi yake.

Kompyuta nayo ina watumishi hawa wawili. Mashine haielewi lugha wanazoziandika wataalamu. Inaelewa tarakimu zake tu. Kwa hiyo baadhi ya lugha za kompyuta hupitia kwa mkalimani, anayesoma sentensi moja, akaitekeleza, kisha akasoma inayofuata. Nyingine hupitia kwa mfasiri, anayegeuza programu nzima kuwa lugha ya mashine kabla haijaanza kazi. Kiingereza humwita mfasiri huyu kwa neno lenye maana ya mkusanyaji, na jambo hilo lina asili yake. Mnamo 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa A-0, ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vya programu vilivyohifadhiwa na kuviunga pamoja. Jina lilibaki hata kazi ilipobadilika. Atakayelifasiri leo kuwa "mkusanyaji" atakuwa amelihifadhi kosa la kihistoria badala ya maana.

Ukalimani ni mwepesi kuanza, ila huchosha, kwa kuwa sentensi iliyorudiwa mara elfu hukalimaniwa mara elfu. Ufasiri huchelewa kuanza, lakini ukishakamilika mashine hukimbia. Wataalamu wakatafuta njia ya tatu. Ken Thompson alionyesha mnamo 1968 jinsi programu inavyoweza kutunga maelekezo ya mashine papo hapo, wakati mtumiaji anapotafuta maneno katika maandishi. Mnamo 1984 Peter Deutsch na Allan Schiffman walitumia ufasiri wa namna hiyo kuiharakisha lugha iitwayo Smalltalk. Mtumishi wa tatu ni kama mkalimani mwenye daftari: huanza kwa kukalimani, huku akihesabu ni sentensi zipi zinazorudi mara kwa mara, hizo huzifasiri kikamilifu na kuzihifadhi, na zikirudi tena hasumbuki. Mimi nimeuita ufasiri wa papo kwa papo. Wenyewe huufupisha kwa herufi JIT, zinazotokana na maneno yenye maana ya "kwa wakati unaohitajika".

Sasa tuje kwenye lile faili. Lugha iitwayo C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, na mwenyewe alieleza kuwa mwaka wake wa ubunifu mkubwa ulikuwa 1972. Ilitokana na lugha ndogo iitwayo B, na B ilitokana na BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. Kutoka kwa lugha zilizotangulia, C ilipata desturi ya kuandika maelezo ya pamoja katika faili moja la pembeni, ili kila programu inayoyahitaji iyaingize mwanzoni mwake. Kwa kuwa huingizwa juu, kwenye kichwa cha maandishi, ndipo likapata jina lile lililoniponza.

Ndani ya faili hilo mna nini? Mjukuu wangu alinionyesha mstari mmoja:

double sqrt(double x);

Mstari huu unasema mambo matatu tu. Kuna kazi iitwayo sqrt. Kazi hiyo hupokea namba moja yenye desimali. Ikimaliza, hurudisha namba moja yenye desimali. Nyinyi wanahisabati mtatambua kwamba ni kazi ya kutafuta kipeuo cha pili. Lakini angalieni: mstari wenyewe hauna hesabu yoyote. Namna ya kukitafuta kipeuo imehifadhiwa mahali pengine, katika maktaba ya programu ambayo imekwisha kufasiriwa kuwa lugha ya mashine.

Washairi mtanielewa upesi kuliko wengine. Mtu akisema "tarbia", hajatunga ubeti hata mmoja. Hata hivyo, ametamka umbo: mishororo minne kwa kila ubeti. Akiongeza kuwa kila mshororo uwe na mizani kumi na sita, nane kwa nane, amekamilisha mkataba. Mshairi wa Tanga na mshairi wa Mombasa wanaweza kulumbana kwa miezi bila kuonana, kwa kuwa umbo limetamkwa na wote wanaliheshimu. Kinachowekwa katika faili la h ni tamko la umbo. Shairi liko kwingine. Ndiyo maana nilifuta "faili la kichwa" katika daftari langu, nikaandika "faili la matamko".

Kuna jambo la historia ambalo lilinishangaza. Kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie kilichoitangaza C duniani kilitoka mwaka 1978, na katika C ya wakati ule tamko halikusema kazi inapokea nini. Lilisema tu kinachorudishwa. Ilikuwa kama kutaja bahari ya shairi bila kutaja mizani. Mtu aliweza kuipa kazi vitu visivyofaa, na mfasiri asimwonye. Kawaida ya kutaja vinavyopokelewa ilichukuliwa kutoka kwa C++ ya Bjarne Stroustrup, ikaingia katika C sanifu ya mwaka 1989. Hata lugha ya kompyuta, basi, ilipitia usanifishaji wake, na jambo kubwa lililosanifishwa lilikuwa uaminifu wa matamko.

Kutoka Marekani, hadithi inahamia Brazili, nchi ambayo kwa jambo moja inafanana sana na Tanzania. Sisi tulipata kompyuta ya kwanza mnamo 1965 katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ikazuia kuingizwa kwa kompyuta nchini. Brazili nayo, kuanzia 1977 hadi 1992, iliweka vizuizi vikali kwa mitambo na programu kutoka nje, ikitaka soko hilo liwe la wazawa. Nia za mataifa haya mawili hazikuwa sawa katika kila jambo, lakini mlango ulifungwa kwetu na kwao. Tofauti ni kilichofanyika ndani ya nyumba. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, kundi la watafiti lililohudumia kampuni za nchini humo lilizoea kujitengenezea zana lenyewe. Mwaka 1993 watatu wao, Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, waliunda lugha ndogo. Walikuwa tayari na lugha iliyoitwa Sol, neno ambalo kwa Kireno ni jua. Rafiki yao akapendekeza hii mpya iitwe Lua, yaani mwezi.

Lua imesambaa kuliko walivyotarajia. Imo ndani ya michezo ya kompyuta na programu za picha. Tangu 2013 imo pia katika Wikipedia, na ndiyo inayopanga vijisanduku vingi vya taarifa mnavyoviona mkisoma makala humo. Sitaficha jambo moja, maana wapenzi wa lugha watauliza. Maneno ya amri ya Lua ni ya Kiingereza. Kireno kimebaki katika jina tu. Hata hivyo hakuna anayesema Lua si ya Brazili. Kilichoifanya iwe yao ni kwamba waliijenga, wakaieleza, wakaifundisha na wakaitunza.

Lua ilizaliwa ili iishi pamoja na C. Imeandikwa kwa C, na tangu mwanzo ilitarajiwa kuziita kazi zilizoandikwa kwa C. Lakini njia ya zamani ilikuwa ndefu. Kila kazi ya C iliyotakiwa ilihitaji kipande cha programu cha kusimama mlangoni: kipokee vitu kutoka Lua kimoja kimoja, kivipange juu ya rundo, kivikague, kiiite kazi ya C, kisha kirudishe jibu juu ya rundo lile lile. Kazi mia zilitaka wangoja mlango mia, na kila mmoja wao aliandikwa kwa mkono.

Mnamo 2005 Mike Pall, mtaalamu wa Ujerumani, alianza kutoa LuaJIT, yaani Lua yenye mtumishi wa tatu, yule mkalimani mwenye daftari. Katika toleo la 2.0, lililokamilika 2012, akaongeza daraja liitwalo FFI la kuita kazi za lugha ngeni. Wazo lake lilikuwa jepesi ajabu. Matamko ya C yamekwisha kuandikwa na wenye C, yamo katika mafaili yao. Kwa nini tuyaandike upya kwa lugha nyingine? Akaipa LuaJIT uwezo wa kuyasoma matamko hayo yenyewe, katika lugha yake ya asili. Mtumiaji huuchukua mstari kama ule wa sqrt, akauweka ndani ya programu yake ya Lua, na tangu hapo anaiita kazi ile kana kwamba ni ya Lua. Na sentensi hiyo ikirudiwa sana, mtumishi wa papo kwa papo huifasiri moja kwa moja kuwa mwito wa lugha ya mashine, bila mngoja mlango wala rundo katikati. Lua haikugeuka kuwa C, wala C haikugeuzwa kuwa Lua. Moja ilijifunza kusoma matamko ya mwenzake.

Hapa ndipo nilipokumbuka isale. Wasomaji wa pwani huenda hamlifahamu. Ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao sisi Wachaga huupanda kuzunguka kihamba kuonyesha mpaka. Na mtu aliyemkosea jirani hupeleka jani lake kuomba amani. Isale halizai ndizi wala halitoi kahawa. Kazi yake ni kusema: hapa pangu panaishia, pako panaanza. Faili la matamko ni masale kati ya mashamba mawili.

Na kila mkulima wa huku anajua kinachotokea isale likipandwa pasipo pake. Mjukuu wangu alinipa mfano. Tuseme kazi moja ya C huandika majibu yake katika kisanduku chenye vyumba vitatu, nawe kwa uzembe ukatamka kwa LuaJIT kwamba kisanduku kina vyumba viwili. LuaJIT haina njia ya kujua; imekuamini. Inatenga nafasi ya vyumba viwili, na C inaandika vitatu. Chumba cha tatu kinaangukia katika shamba la mwingine ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na kufuta alichokipanda. Mara nyingine programu huanguka hapo hapo. Mara nyingine, na hili ndilo baya zaidi, huendelea kama kawaida, kisha huharibika baadaye mahali pasipohusiana kabisa na kosa. Ule usalama ambao Lua ya kawaida humpa mwandishi wake haupo tena mtu anapovuka daraja hili.

Kuna na mpaka mwingine. Katika mafaili ya C mna mistari inayoanza kwa alama ya reli na neno define, ambayo hulipa neno thamani fulani. Mistari hiyo hushughulikiwa na mtumishi wa awali kabla mfasiri hajaanza kazi, na LuaJIT haina mtumishi huyo. Kwa hiyo huwezi kuchukua faili zima na kulimimina kama lilivyo. Huna budi kulisoma, kuchagua unachohitaji, na kuziandika upya kwa mkono thamani zile. Tena baadhi ya thamani hizo hutofautiana kati ya mfumo mmoja wa kompyuta na mwingine. Aliyenakili kutoka kwa jirani bila kuelewa huhamisha isale la watu hadi kwake. Kwa maneno mengine, hata zana yenye akili kiasi hiki bado inadai msomaji makini.

Nirudi kwetu. Kazi ya kuunda istilahi hatukuianza jana. BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limetoa orodha zake za Tafsiri Sanifu. Wataalamu wa chuo kikuu wametoa kamusi. Kwa mashine hii moja tu tumeshindanisha kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na ushindani huo umetupa raha. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, zilizojengwa juu ya orodha ya istilahi iliyotayarishwa kwa kazi hiyo. Naiheshimu kazi ile, kwa sababu ilikuwa na maneno na pia kitu ambacho maneno yale yalikihudumia.

Lakini nikijitazama mimi na wenzangu wa rika langu, naona kosa letu. Tumependa orodha. Tumehudhuria warsha, tumebishana kutwa kuhusu neno moja, tumetoka na kurasa za istilahi, kisha tukaenda nyumbani. Tumepanda masale bila kulima kihamba. Orodha ya istilahi ni faili la matamko: hutaja jina na umbo, na hukaa ikingoja maktaba yenye kazi halisi. C ingekuwa na matamko yote yale bila maktaba nyuma yake, Mike Pall asingekuwa na kitu cha kuita. Na mwanafunzi wa kidato cha pili anayepewa neno "tamko" bila ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza tamko ni nini, anaita kazi isiyokuwapo.

Wapo watakaosema kwamba mwili hauwezi kuandikwa kabla ya istilahi kukubaliwa. Historia niliyoisimulia haikubaliani nao. C iliandikiwa programu kwa miaka kabla matamko yake hayajasanifishwa mwaka 1989; usanifishaji ulikuja kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusanifisha. Wapo pia watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha. Hao nawaomba waitazame LuaJIT tena. Haikudai C ihame, na haikujidharau ikahamia C. Ilisoma matamko ya mgeni kwa usahihi, ikaendelea kuzungumza lugha yake.

Siku ya tatu tulimaliza maelezo yake. Yalikuwa kurasa sita. Tuliandika "mkalimani", "mfasiri", "ufasiri wa papo kwa papo", "tamko", "faili la matamko" na "maktaba". "Kazi" tuliitilia shaka, kwa kuwa neno hilo lina majukumu mengi mno katika Kiswahili, lakini tuliliacha hadi mmoja wenu atupatie lililo bora. Mfano wa tarbia tuliuweka mwanzoni kabisa, kabla ya mstari wa C. Januari alinipigia simu kusema kwamba katika darasa lile binti mmoja aliuliza: "Sasa mwalimu, na mtu akitamka tarbia halafu akatunga mishororo mitano?" Nikamwambia mjukuu wangu kwamba binti huyo amekwisha kuelewa, na kwamba sasa anadaiwa kurasa nyingine sita.